Mwindaji Haulizwi Aendako

Keji mwanangu,

Habari za kuchemsha maji, za neti na za kutopokea chakula kwa watu usiowajua, mama yako amekupa tangu juzi, na kesho njiani kuelekea uwanja wa ndege atazirudia zote. Mimi nazipita. Nimekaa uani, jua linashukia upande wa daraja, malori ya mtaa wetu wa Sherikat yanabishana kwa honi kama kawaida yake, nawe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nataka kumaliza kuandika kabla hujarudi. Ukiwa mbele yangu nitafanya ninachofanya siku zote: nitakuuliza kama umekula, halafu nitanyamaza.

Naogopa, Keji. Nimeona bora nianze na neno hilo kuliko kulizungukazunguka.

Unajua nilivyopata habari ya safari yako. Tulikuwa kwenye ghala la uwanja wa ndege tukipima mizigo ya kwenda Nairobi, Taban, mwenzangu wa kazi, akaja na orodha ya abiria mkononi, meno yote nje.

"Ya zol, Wani," akaniambia, "umepata mkwe Uganda?"

"Mkwe gani?"

"Binti yako yumo kwenye ndege ya Entebbe. Au kwenu baba ndiye hualikwa mwisho?"

Vijana wote wa ghala wakacheka. Nami nikacheka, nikasema, "Najua, najua." Sikujua. Niliendelea kupima mizigo, nikapima gunia moja mara mbili. Jioni nilipokuuliza uliniambia, bila hata kuacha kusuuza nguo, "Nilitaka kila kitu kiwe tayari kwanza, Baba. Jambo ukilitaja mapema linaharibika."

Sikukukasirikia. Ningekukasirikiaje? Maneno hayo ni yangu, na kabla yangu yalikuwa ya babu yako. Niliyasikia yakitoka kinywani mwako, nikaogopa kama mtu anayemwona mwanawe ameokota kitu chenye sumu alichokiacha yeye mwenyewe mezani.

Babu yako alikuwa mwindaji, na kwao mwindaji hakuulizwa aendako. Alitoka alfajiri na mkuki wake, na mtu akimwamkia njiani na kumwuliza, "Waelekea wapi?", alirudi nyumbani, akauegemeza mkuki ukutani, akakaa siku nzima. Mahali pakitajwa, mnyama husikia. Ndivyo alivyosema. Bibi yako siku hizo hakufagia wala hakugombana na mtu mpaka mumewe arudi. Nilipokuwa mdogo niliona ni jambo zuri sana, nyumba nzima kushika pumzi kwa ajili ya mtu mmoja.

Halafu ami yangu Lako akatoka asubuhi moja wakati wa kiangazi, hakurudi. Watu walikwenda kumtafuta upande wa milima, kwa sababu mwaka uliotangulia alipata nyama huko. Walitafuta mpaka sauti zikawakauka. Kumbe alikuwa amevuka mto. Waliomwona mwishowe walikuwa wachunga ng'ombe wa ng'ambo ile, na hawakuwa na haja ya kuulizana kama bado yu hai. Unajua wazee walisema nini matangani? Walisema lazima kuna mtu alimwuliza njiani. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kama angeulizwa, tungejua pa kumtafuta. Mimi mwenyewe sikulisema. Nilikuwa na umri wa kufikiri na sikulifikiri.

Nilibeba desturi hiyo hadi Kitale nilikosomea, nikaivusha mpaka Uganda, kwenye ranchi ya Mzee Kato, aliyenipa kazi ya kutengeneza uzio tukiwa wakimbizi. Ulizaliwa pale, kwenye vile vyumba vya mabati nyuma ya josho la ng'ombe. Enzi zile mwindaji wa ranchi nilikuwa mimi tu, na Mzee Kato akihitaji nyama ya wageni wake alinipa bunduki na kibali cha mnyama mmoja. Nilitoka bila kusema, nikarudi na nyama. Desturi haikunidhuru, kwa hiyo nikaamini kwamba ilinilinda. Hilo ndilo kosa ninalotaka ulitazame pamoja nami. Kosa linalokudhuru mapema lina huruma. Langu lilinichekea miaka mingi.

Sasa nataka nikumbuke ile siku yetu, mwaka juzi, ulipomaliza chuo cha wanyamapori. Ulikuwapo, lakini hatujawahi kuizungumza tangu mwanzo mpaka mwisho. Tumezoea kuzungumza ile nusu ya kwanza.

Mzee Kato alifurahi kutuona. Alisema, "Mutoto wa ranchi amerudi na cheti! Wacha apige tohe moja, ile swala ya mafunjo, kibali iko." Akatuonyesha vitu vipya. Ranchi sasa ilikuwa na wageni wa kuwinda kutoka nchi za mbali, na ilikuwa imegawanywa vitalu. Ukutani mwa ofisi palikuwa na ubao uliochorwa ramani, na chini yake vibao vidogo vyenye majina. Anayetoka hutundika kibao chake kwenye kitalu anachokwenda. Wewe ulisoma mambo hayo chuoni. Jioni ile, tukipita pale, ulisimama.

"Baba, hatutundiki?"

"Twende," nikasema.

"Watajuaje tuliko?"

"Tutawaambia tukirudi."

Ulinitazama, ukanifuata. Ulikuwa na cheti, ulijua ninachokosea, na ulinyamaza kwa heshima. Keji, kati ya yote niliyoyafanya siku zile mbili, heshima yako hiyo ndiyo inayonitisha zaidi.

Asubuhi tulitoka kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Ulichukua kile kitambaa cha majivu cha kupimia upepo, ukakitikisa, vumbi likatuelekea usoni. Upepo ulikuwa mzuri, unatoka bondeni kwenye mafunjo na kuja kwetu. Tukapanda kile kichuguu kikubwa chenye mti juu yake, tukalala kifudifudi na darubini. Mimi niliona ng'ombe, korongo na nyasi. Nilikuwa nikikagua kwa utaratibu, kipande kwa kipande, kama nilivyokufundisha, na bado sikuona kitu. Wewe ulinigusa kiwiko.

"Chini ya mgunga uliokauka. Usitafute mnyama. Tafuta pembe."

Nikatafuta pembe. Zilikuwepo, mbili, nchani zimepinda mbele kama vidole vinavyoita, juu ya nyasi, na chini yake hakuna mnyama yeyote. Alikuwa amelala. Nilikaribia kucheka kwa furaha. Mtoto niliyembeba mgongoni nikipita uzio ule ule ameona nisichoona.

Tulimnyemelea kwa kufuata vichuguu, kimoja hadi kingine, halafu vichuguu vikaisha, tukavua viatu, tukatambaa. Unakumbuka yule kwale aliyetembea mbele yetu? Angeruka, kila kitu kingeisha. Tulimngoja aondoke mwenyewe, kama watu wanaompisha mkubwa kwenye mlango. Umande ulinilowesha mpaka tumboni. Halafu yule jike, ambaye hatukuwa tumemwona kabisa, akapiga mluzi upande wa kushoto, akaruka, mkia wake mweupe ukiwaka kwenye nyasi. Dume akasimama. Tohe hufanya kosa hilo: akisikia mluzi wa mwenzake husimama kwanza atazame ni nini.

Bunduki ilikuwa begani mwako. Nilisikia unavyotoa pumzi polepole, nikajua kwamba hutaharakisha. Ulipiga mara moja. Alikimbia kidogo kuelekea mafunjo, akaanguka. Tulikaa palepale tulipokuwa, kama inavyotakiwa, tukamwachia wakati wake. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kutulia, na wewe ulipiga magoti ukamfumba jicho. Sikukufundisha hilo.

Hapo ndipo tunapoachia kila tukisimulia. Watu hupiga makofi hapa.

Tulimpasua, tukamtoa matumbo. Ukasema uende ukaite gari. Nikakataa. "Porini hatuiti watu," nikasema, maneno ya babu yako tena. Ukweli ni kwamba nilikuwa na majivuno. Nilitaka kuingia pale ofisini nimebeba mnyama wa binti yangu mabegani, kila mtu aone. Mimi ni mtu wa mizigo, kilo hazinitishi. Nikajitwika tohe mzima, miguu nimeishika kifuani, kichwa chake kikining'inia kando ya changu na pembe zimesimama juu ya kofia. Koti langu la kahawia. Nyasi zikinifika kifuani.

Fikiria sasa, wewe uliyesoma, mtu aliye ng'ambo ya bonde anaona nini.

Tulitembea. Nilikuwa nakatazwa na desturi kusema mpaka nifike, kwa hiyo nilikuwa kimya. Wewe ulikuwa nyuma na hukunyamaza. Ulianza kunitania.

"Baba, weka chini, utavunjika mgongo! Kalas, basi!"

Niliongeza hatua.

"Oneni mzee wa airport ameota pembe! Baba, Mama akikuona hivyo atakufunga kwenye josho!"

Ulicheka kwa sauti, kile kicheko chako cha kwenye kwaya kinachomkera mwalimu. Niligeuka kukuambia unyamaze. Nakumbuka mdomo wangu ulikuwa umefunguka kabisa kusema "Shhh". Ndipo bunduki ikalia, na majani ya mgunga uliokuwa juu yetu yakatuangukia.

Hukupiga kelele. Uliniangusha, wewe, na tohe akatuangukia juu. Nilikuwa na damu usoni na sikujua ni ya nani. Nilikushika kichwa, nikakugusa shingo, mgongo, mikono, kama mtu anayetafuta kitu gizani, na wewe ulikuwa unasema, "Mimi mzima, Baba, mimi mzima, wewe je?" na sikuweza kukujibu kwa sababu sikujua.

Ssalongo alifika anakimbia. Wewe utafanya kazi chini ya mtu huyo, kwa hiyo mkumbuke vizuri alivyokuwa siku hiyo. Mwongozaji wa wageni wa miaka mingi, mwili mkubwa, na midomo ilikuwa inamtetemeka kama ya mtoto.

"Mzee! Wewe iko na kichwa kweli? Mimi naangalia ubao asubuhi, hii kitalu iko wazi! Hakuna mutu!"

"Hatukutundika," nikasema.

"Hamkutundika." Alikaa chini kwenye nyasi. "Mgeni yangu anaona pembe inatembea. Mimi pia naona pembe. Mimi ndiyo namwambia, sawa, piga. Mimi! Halafu nasikia mutu anacheka. Tohe haichekagi. Nikasukuma bunduki juu na mukono." Akatuonyesha kiganja, kimeungua. "Huyu mutoto yako asingeongea, leo mimi nazika wewe na pembe kwa kichwa."

Yule mgeni alisimama mbali, ameshika kofia yake, analia. Hatukujua lugha ya kumfariji.

Baada ya hapo unajua. Tulirudi kwa gari. Ssalongo alisema ofisini kwamba mgeni alikuwa anajaribu bunduki. Alifanya hivyo kunifichia aibu, nami nilimwacha afanye hivyo. Mzee Kato alikusifu mbele ya wote, akasema ukitaka kazi ya kuongoza wageni kazi yako ipo. Nyama ilikaushwa, tukaja nayo Juba, mama yako akapiga vigelegele akagawia majirani. Katika kitabu changu cha kumbukumbu za kila siku niliandika: tohe dume mmoja, upepo wa bondeni, Keji kapiga vizuri, salama. Nimelisoma jana neno hilo la mwisho. Mimi huandika kwa uangalifu, sipendi kuandika nisilolijua, na siku ile niliandika "salama" kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuandika neno jingine.

Tangu siku hiyo ghalani kitu kizito kikianguka, mimi nimeshainama kabla sijajua kwamba nimeinama. Vijana wanadhani ni mambo ya vita. Nawaacha wadhani. Na nyumbani, ukipita mbele yangu kwenda jikoni, naona kisogo chako, naanza kukisia umbali kutoka ng'ambo ya bonde. Ni ugonjwa. Kesho unakwenda kuishi mahali hapo, asubuhi baada ya asubuhi, mbele ya watu wenye bunduki ambao hujui mioyo yao wala macho yao. Sikukatazi. Kazi hiyo umeiona wewe mwenyewe kama ulivyoziona pembe zile, na nikikukatalia nitakuwa nimechukua jicho lako nikalifukia.

Kinachoninyima usingizi si bunduki za wageni. Ni kwamba nimekulea vizuri sana. Nimekufundisha kutosema uendako, na umejifunza. Ulipata kazi ukanyamaza, ukakata tiketi ukanyamaza. Siku utakapokuwa na homa utanyamaza. Mgeni akikutisha utanyamaza mpaka mambo yawe tayari. Na sisi huku tutakuwa tunakutafuta upande wa milima, nawe umevuka mto.

Leo mchana nimemwambia mama yako. Yote, na ile nusu ya pili. Alikuwa anakunja kanga zako. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ile nyama niliyogawia watu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipiga vigelegele."

"Ulipiga."

"Nilipigia vigelegele matanga yako, Wani. Na ya mtoto wangu."

Akaweka kanga chini. Nilidhani atalia, lakini hakulia, na ingekuwa afadhali.

"Miaka yote ile Uganda," akasema, "ukitoka na bunduki nilikaa kwenye kile chumba sifagii, siendi kisimani, sigombani hata na yule jirani aliyestahili kugombwa. Mama yako alinifundisha nisikuulize. Ulidhani sikutaka kujua?"

"Sikufikiri."

"Hukufikiri! Mimi nilikuwa nahesabu mahali. Najiambia, leo atakuwa bondeni. Hapana, leo upande wa barabara. Nakuweka huku, nakutoa, nakuweka kule. Siku nzima. Ukirudi unaniambia, 'Mbona hujafagia?'"

Nimekaa naye miaka yote hiyo, Keji, na sikujua. Niliona nyumba ikishika pumzi nikadhani ni ibada. Ilikuwa ni mtu anayekosa hewa.

Kisha akasema, "Kesho muulize mtoto anakokwenda. Mbele ya watu. Wewe ndiye uliyemfunga mdomo, umfungue wewe. Ukishindwa nitamwuliza mimi, na unajua sauti yangu."

Kwa hiyo nakuonya mapema ili usishtuke. Kesho pale mlango wa abiria, Taban akiwepo na vijana wote wa ghala, na shangazi zako ambao bado wanaamini ya babu yako na watakaoziba midomo kwa viganja, nitakuuliza kwa sauti: Keji, unaenda wapi? Moyo wangu utakataa. Nimejaribu kulisema peke yangu hapa uani, na ulimi umekuwa mzito kana kwamba nakutukana. Sauti ikinikwama, ningojee. Usinisaidie kwa kucheka.

Nijibu yote. Sema jina la ranchi, na la kitalu utakachoanzia, na la mtu utakayekuwa naye, na siku utakayopiga simu. Lisikie sikio la kila mtu aliye pale. Na kila asubuhi huko, kabla hujatoka, tundika kibao chako, kisha niandikie kwenye simu mahali ulipokitundika, hata kama ni neno moja. Nitakuwa ghalani. Nitalisoma kwa sauti, na Taban atanicheka, na mimi nitaendelea kupima mizigo.

Babu yako angesema nimekusaliti kwa wanyama. Huenda. Mimi sina uhakika na kitu chochote jioni hii, na bado naogopa kama nilivyoogopa nilipoanza mstari wa kwanza. Lakini tutakuwa tumejua tukutafute wapi. Na kama kuna mnyama atakayesikia, na asikie.

Baba yako,
Wani